Sahibu Aliyeachwa Nje



Huenda ukastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mtu wa kanzu na kilemba, anakuandikia khabari ya santuri ya Waingereza wapigao gitaa. Una haki ya kustaajabu. Ila mimi, kwa miaka mingi ya kuletewa ugomvi wa watu barazani, nimezoea jambo moja: nikikutana na kisa chenye haki ya mtu ndani yake, hukitazama kama nitazamavyo mas-ala ya fiqhi, nikauliza nani anamdai nani, na anamdai nini. Na kisa hiki kina deni ndani yake, deni ambalo huenda na wewe unalo kwa mtu wa mtaani kwako na hujalifikiri.

Kwanza niondoe tashwishi. Sikuja kutoa fat-wa ya muziki. Wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani. Ibn Hazm wa Andalus alizidhoofisha hadithi za kukataza, akaona si haramu. Imam Ghazali katika Ihyaa aliandika kitabu kizima juu ya kusikiliza, akaruhusu mengi, lakini vyombo vya nyuzi na zumari akavitoa, na katika sababu alizozitaja ni kuwa vilikuwa alama ya mabaraza ya walevi. Na wengi katika madhihabi yetu ya Shafii wako upande huo wa kukataza. Atakaye hukumu na aende kwa sheikh wake. Lakini iweke akilini ile sababu ya Ghazali, maana tutaikuta njiani.

Bendi yenyewe ni Led Zeppelin ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1968. Walikuwa wanne: Jimmy Page mpiga gitaa, Robert Plant mwimbaji, John Bonham mpiga ngoma, na John Paul Jones aliyeshika gitaa la besi na kinanda. Muziki wao waliuita roki, na katika hiyo roki wao walikuwa mashuhuri kwa kishindo, hata mtu akitoka kuwasikiliza masikio yakimlia. Walipata mali nyingi sana. Kisha tarehe 25 Septemba 1980 yule mpiga ngoma alikutwa amekufa nyumbani kwa Page, baada ya kutwa nzima ya kunywa. Umri wake ulikuwa miaka 32, na aliacha mke na watoto wawili. Hapo utaikumbuka sababu ya Ghazali. Sitaki kumsema maiti, tena maiti wa watu wengine, lakini kijana wangu anayeniuliza wanavyuoni waliogopa nini, humwambia hicho.

Mwezi wa Disemba wa mwaka ule ule, watatu waliobaki walitangaza kwamba hawataendelea. Hawakumtafuta mpiga ngoma mwengine wakakaa kuchuma kwa jina lile lile. Hilo limenipendeza, nami sioni haya kulisema. Wako watu wetu ambao mwenzao hajatimiza siku arubaini kaburini, nao wamekwisha kugombea kiti chake.

Ikapita miaka 14. Mwaka 1994 Page na Plant wakarejeana. Televisheni ya Marekani, MTV, ilikuwa na kipindi kilichowataka wanamuziki waiweke kando mitambo ya umeme, wapige kwa vyombo vya mkono mbele ya watu wachache. Wawili hawa walikubali, lakini kwa namna yao: nusu umeme na nusu vyombo vikavu. Kuna gitaa kavu, kuna mandolini, kuna fidla, dufu, nai na udi. Nyimbo nyengine zilipigwa London mwezi wa Agosti, wasikilizaji wamekaa hapo hapo. Nyengine katika vilima vya Wales. Na nyengine Marrakech, katika nchi ya Moroko. Page alikuwa na miaka 50, na Plant 46. Santuri ikatoka mwaka huo huo kwa jina la No Quarter. Maneno hayo ni ya vitani, na maana yake ni kutompa amani aliyeshindwa, kumuua hata akiwa ameinua mikono. Jina hilo lishike pia.

Mimi niliifikiaje? Mjukuu wangu alikuwa akiisikiliza kwa simu yake, akaja mbio ukumbini: "Babu, njoo usikilize, Wazungu hawa wanapiga taarabu!" Nikamwambia, "Na wewe, Juzuu yako umekwisha irudia?" Lakini sikio halina kifuniko. Mwishoni mwa santuri hiyo mna wimbo wa zaidi ya dakika 12 uitwao Kashmir, na humo limekaa kundi la Wamisri pamoja na okestra ya London. Aliyewaongoza Wamisri ni mpiga ngoma Hossam Ramzy, mzaliwa wa Cairo, aliyefariki mwaka 2019. Fidla zao haziruki kutoka sauti moja hadi nyengine kama za Wazungu. Zinateleza, zinapita katika zile robo za sauti ambazo kinanda cha Kizungu hakina. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Tangu Ikhwani Safaa kuasisiwa Unguja mwaka 1905, taarabu yetu imekuwa ikitazama Cairo, na wazee wetu waliisaka Redio Cairo usiku wamsikie Umm Kulthum. Na huyu Plant naye amesimulia kwamba alimsikia bibi huyo Moroko, siku za ujana wake, akapigwa na butwaa. Umm Kulthum alikuwa binti wa imamu wa kijijini, aliyeanzia kwenye Qur'ani na kaswida pamoja na babake. Alifariki Februari 1975, mwezi ule ule Led Zeppelin walipoitoa Kashmir kwa mara ya kwanza.

Na huo wimbo, licha ya jina lake, haukuzaliwa Kashmir. Maneno yake yalimjia Plant mwaka 1973 ndani ya gari, katika jangwa la kusini ya Moroko, njia imenyooka haina mwisho, na Kashmir yenyewe walikuwa hawajapata kuiona. Jina la nchi ya watu, yenye misikiti yake na mateso yake, limetumika kama jina la ndoto. Haidhuru, na sisi tuna vijana waliozipa teksi zao majina ya miji ambayo hawatafika.

Lakini zilizonikalisha kitako ni zile za Marrakech. Humo wamepiga pamoja na Wagnawa. Wagnawa ni Waislamu wa Moroko ambao asili yao ni watu weusi waliovushwa Sahara kwa karne nyingi, wengi wao utumwani. Lugha zao zikapotea, yakabaki maneno machache ndani ya nyimbo. Watu waliokatwa nasaba namna hiyo, wasiojua babu wa babu yao aliitwa nani, walitafuta wa kujinasibisha naye, wakamchagua Sayyidna Bilal bin Rabah, Mungu amridhie, muadhini wa Mtume wetu s.a.w. Huko Essaouira, mji wa pwani ya Atlantiki, iko zawiya yao kwa jina lake. Chombo chao ni gimbri: kisanduku kirefu cha mti kilichovikwa ngozi ya ngamia, nyuzi tatu, sauti nzito kama ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Na pamoja nacho wanagonganisha vyuma mikononi, vyuma ambavyo husemwa kuwa vinakumbusha mlio wa minyororo. Katika mikesha yao mna kuita majini, na hilo hatulikubali, kama tusivyozikubali ngoma za pepo hapa kwetu. Lakini ewe msomaji, sisi wa pwani hatuwezi kujifanya kwamba khabari ya minyororo ni khabari ya watu wa mbali. Ukivisikia vyuma vile utajua.

Page na Plant walikwenda wakakaa nao chini. Hawakuja na kishindo chao. Mtu aliyezoea kuzimaliza sauti zote kwa sauti yake, hapo unamsikia anasubiri, anasikiliza gimbri inakwenda wapi, kisha ndipo anaingia. Katika wasia wa Luqman kwa mwanawe mna kuishusha sauti, na mara nyingi huwasomea vijana wasia huo, kisha jioni nawasikia watu wazima, tena katika maulidi, wanafungulia vipaza sauti mpaka mgonjwa wa nyumba ya pili hapati usingizi. Nyimbo zile zile za zamani, zilizokuwa zimezama ndani ya umeme, hapa unaweza kuyasikia maneno na kuhesabu vidole.

Na ukikaa ukahesabu vidole, utawahesabu na watu. Mmoja kaburini. Wawili Marrakech. Wa nne yuko wapi?

John Paul Jones hakuitwa. Wala hakuambiwa. Alikuwa hai, mzima, ana miaka 48, anafanya kazi zake, na khabari kwamba wenzake wamerejeana aliipata kama alivyoipata mtu baki yeyote. Na jina walilolipachika juu ya santuri yao, No Quarter, ni jina la wimbo wa mwaka 1973, wimbo ambao watu wote wanaojua muziki huo huujua kwa kinanda chake Jones, na jina lake limo katika watunzi wake. Katika Kashmir ile ya mwaka 1975 ni yeye aliyezipanga sauti za fidla na za tarumbeta, hizo ambazo Wamisri wamekuja kuzipamba. Katika santuri mpya, gitaa la besi limeshikwa na Jones mwengine, kijana aitwaye Charlie Jones, ambaye alikuwa mkwewe Plant. Tazama mambo ya dunia: hata jina limepatikana, mwenyewe hayupo.

Mwezi wa Januari 1995, bendi hiyo ikitunukiwa heshima huko New York, walisimama wote watatu mbele ya watu. Jones alipopewa nafasi aliwashukuru marafiki zake kwa kuikumbuka, hatimaye, namba yake ya simu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu wa khamsini hasemi hivyo mbele ya kadamnasi isipokuwa jambo limemkaa kooni.

Utaniuliza: Je, sheikh, amedhulumiwa? Nami nakujibu kwa insafu, kwa sababu wale wawili nao wana hoja. Hawakulitumia jina la bendi. Santuri imeandikwa kwa majina yao wawili, Page na Plant, na walitaka ijulikane kuwa hii si Led Zeppelin iliyofufuliwa. Tena mlango wa shirka katika Minhaji ya Imam Nawawi uko wazi: ushirika ni mkataba ambao kila mmoja anaweza kutoka akitaka, na unavunjika kwa kufa mmoja wao. Kwa hiyo ushirika wao ulikwisha mwaka 1980. Kwa upande wa sharia ya mali, madhali jina la kila mtunzi limeandikwa na fungu lake analipata, Jones hana kesi. Kadhi angemwambia aende zake.

Lakini Ghazali huyo huyo ana kitabu chengine ndani ya Ihyaa, juu ya adabu za udugu na suhuba, nacho sikioni kikisomeshwa sana siku hizi, kwa sababu hakina faida sokoni. Humo amezihesabu haki za sahibu juu ya sahibu wake, mali ikiwa moja tu miongoni mwao, na moja katika hizo ni uaminifu. Akaueleza uaminifu huo kwamba ni kudumu juu ya mapenzi mpaka kufa, na baada ya kufa kuyahamishia kwa watoto wa yule sahibu na rafiki zake. Ione tafauti, ndugu msomaji. Mauti yanavunja ushirika. Suhuba mauti hayaivunji. Kinyume chake, yanaizidishia watu wa kuwatazama. Na watu wengi tunachanganya. Tunauvunja ushirika kihalali, pengine kwa sababu nzuri kabisa, kisha tunadhani na suhuba imekwenda nao, wala hatuoni lazima ya kumwambia mwenzetu neno.

Nimeona haya kwetu. Walimu watatu walianzisha chuo chini ya mwembe, na mmoja wao ndiye aliyenishika mkono mimi nikaijua alifu na be. Mbao alizichonga yeye, wino aliupika yeye. Akaja akapata maradhi ya miguu, akajitoa kwa hiari yake. Hakufukuzwa na mtu. Wale wawili Mungu akawafungulia, wakapata wafadhili, pakajengwa jengo la ghorofa, likawekwa kibao cha marmar chenye majina mawili. Siku ya ufunguzi palichinjwa ng'ombe. Maalim wangu, nyumba yake haifiki hatua mia mbili kutoka hapo, aliijua khabari ile kwa watoto waliopita mlangoni kwake wanakula pilau katika karatasi. Aliwaita akawauliza kuna harusi ya nani.

Nilikwenda kwa wale wawili, kila mmoja peke yake. Wote walinijibu jibu moja, kama walioagana: hatukumnyima chake, alitoka mwenyewe. Nikamwambia kila mmoja, sikuja kwa chake, mimi nimekuja kwa salamu yake. Kumwarifu mtu kungekugharimu nini? Mtoto mmoja kumtuma: "Maalim, wenzio wanakusalimu, kesho tunafungua chuo, tumekuletea kiti." Watu wa majahazi husema usisahau ubaharia kwa unahodha. Mmoja katika wawili hao alinyamaza kimya kirefu, na baada ya sala ya Ijumaa akaenda. Alikaa kwa Maalim mpaka Alasiri, na sijui walizungumza nini, maana mimi nilibaki nje na viatu. Wa pili hajakwenda mpaka leo naandika, na Maalim amekwisha kupita miaka themanini. Kibao kingali na majina mawili.

Ndiyo maana santuri ile, kwa uzuri wote wa fidla zake, siwezi kuisikiliza bila ya kumtafuta mtu ndani yake. Walisafiri mpaka Marrakech, wakakaa na watu ambao historia iliwasahau, wakapiga nao kwa adabu. Watu wa mbali wamewakumbuka. Aliyelala nao chumba kimoja katika safari za ujana wao, akala nao njaa na shibe, huyo hawakuwa na dakika mbili za kumpigia simu. Mgeni ana adabu zake na ni rahisi kumtimizia, kwa kuwa ni mgeni, unajipanga kwa ajili yake. Mwenza wa zamani humjipangii. Unadhani anaelewa.

Nimalizie khabari yao, maana haikuishia hapo. Kampuni iliyowachukua mwaka 1968 ilikuwa Atlantic ya Marekani, na mmoja wa walioianzisha mwaka 1947 ni Ahmet Ertegun, Mturuki, ambaye babake alikuwa balozi wa Uturuki huko Washington. Ertegun alifariki Disemba 2006. Alikuwa ameishi New York, katika klabu na studio, maisha ambayo mimi na wewe hatungeyachagua. Lakini alirudishwa Istanbul, akazikwa Uskudar, katika uwanja wa zawiya ya zamani ya Wauzbeki, pamoja na babake na nduguye, hapo ambapo baba wa babu yake alikuwa sheikh wa zawiya. Nilipoijua khabari hiyo nilinyamaza kidogo, nikamsomea Fatiha.

Kwa ajili ya kumkumbuka yeye, na mapato yakaenda katika mfuko wa elimu wenye jina lake, Led Zeppelin walisimama tena London tarehe 10 Disemba 2007. Waliotaka tikiti walihesabiwa kwa mamilioni, na nafasi hazikuzidi elfu ishirini. Safari hii namba ya simu haikusahauliwa. Kwenye ngoma alikaa Jason, mtoto wa kiume wa John Bonham, mahali pa babake. Waliimba Kashmir. Waliimba na ule wimbo wa No Quarter, na kwenye kinanda alikuwa amekaa John Paul Jones.